Nasaba ya Kukeni: Kumfuata Binti Mfalme Alice kutoka Windsor hadi Navarre

Tarehe 25 Februari 1885, katika kasri la Windsor, Malkia Victoria wa Uingereza alishuhudia kuzaliwa kwa kitukuu wake wa kike. Mama mzazi, Victoria wa Hesse, naye alikuwa amezaliwa katika kasri hilohilo mwaka 1863, malkia akiwapo vilevile. Mtoto akapewa jina la Alice. Lilikuwa jina la bibi yake mzaa mama, binti wa malkia, ambaye hakuwapo siku hiyo kwa sababu alikwisha kufariki dunia miaka 6 nyuma.

Alice wa Battenberg hatajwi sana siku hizi ila kupitia mwanawe, Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Huyo wazee wa Afrika Mashariki wanamkumbuka. Februari 1952 alikuwa Sagana, Kenya, na ndiye aliyempasha mkewe habari kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ndiye malkia. Desemba 1963 alikuja kuiwakilisha Uingereza katika sherehe za uhuru wa Zanzibar, na siku mbili baadaye zile za Kenya.

Anayetaka kuijua asili ya Alice ana njia mbili, ya kuumeni na ya kukeni. Ya kuumeni imeandikwa kwa fahari katika vitabu vya nasaba. Ya kukeni msomaji hujitafutia mwenyewe, akihama kutoka ukurasa wa familia hii hadi wa familia ile, kwa kuwa kila binti alipoolewa aliandikwa chini ya jina la watu wengine. Nimezifuata zote mbili, na naziona hazina uzito sawa.

Tuanze na ile ya fahari. Tangu mwaka 1763 hadi 1944, katika mji wa Gotha, Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha kila mwaka kiitwacho Almanach de Gotha. Humo ziliorodheshwa koo za kifalme za Ulaya kwa madaraja, wanaotawala wakitangulia na waliopoteza utawala wakifuata. Ukoo ulipita kwa baba. Mwanamke aliingia kama mke na akatoka kama binti aliyeolewa.

Baba yake Alice alikuwa Louis wa Battenberg, aliyezaliwa Graz, Austria, mwaka 1854. Akiwa kijana wa miaka 14 alijiunga na jeshi la majini la Uingereza, akapanda hadi kuwa mkuu wake. Oktoba 1914, vita na Ujerumani vilipokuwa vimepamba moto, alilazimika kujiuzulu kwa sababu ya asili yake ya Kijerumani. Mwaka 1917 familia yake ikaacha jina la Battenberg, ikajiita Mountbatten.

Na hilo jina la Battenberg lenyewe halikuwa la kale. Baba yake Louis, Alexander wa Hesse, aliishi katika kasri la kifalme la Urusi, ambako dada yake Marie aliolewa na mrithi wa kiti. Huko akampenda Julia Hauke, mmoja wa mabibi waliomhudumia dada yake. Julia alikuwa yatima. Baba yake, Jenerali Moritz Hauke, aliuawa Warsaw mwaka 1830 usiku wa maasi dhidi ya Warusi. Julia hakuwa na damu ya kifalme, na Tsar Nicholas wa Kwanza hakutaka kusikia habari za ndoa hiyo. Mwaka 1851 wapenzi hao wakaoana Breslau hata hivyo. Kwa desturi za wakati ule, watoto wa ndoa isiyo ya hadhi sawa hawakuruhusiwa kubeba jina la Hesse. Ndipo ukoo ukawatafutia jina la kuwasitiri, jina la mji mdogo wa Battenberg.

Tukipanda ngazi moja zaidi kuumeni, tunakuta mnong'ono. Alexander na Marie walizaliwa mwaka 1823 na 1824, wakati mama yao, Wilhelmine wa Baden, na mumewe walikuwa wameshatengana kimaisha. Ulaya nzima ya makasri ilisema kwamba baba yao halisi alikuwa August von Senarclens de Grancy, ofisa wa nyumba ya Wilhelmine. Mume akawakubali kuwa wanawe, na kitabu kikaandika alichokubali mume. Kwa hiyo njia ya kuumeni ya binti mfalme huyu, baada ya vizazi viwili tu, inasimama juu ya neno la mwanamume aliyeamua kunyamaza.

Kukeni hakukuwa na nafasi ya minong'ono ya namna hiyo. Makasri yalihakikisha uzazi una mashahidi: wakunga, madaktari, jamaa, mara nyingine hata mawaziri chumba cha pili. Mama alijulikana.

Basi turudi kwa bibi mzaa mama, yule ambaye hakuwapo Windsor. Alice wa Uingereza alizaliwa mwaka 1843, akaolewa na Ludwig, aliyekuja kuwa mtawala wa Hesse, akahamia mji wa Darmstadt. Mwaka 1873 mwanawe mdogo Friedrich, mwenye miaka 2, alianguka dirishani. Hakufa kwa kuanguka. Alikufa saa chache baadaye kwa sababu damu iliyokuwa ikimvuja ndani haikuganda. Mtoto huyo alikuwa na hemofilia, maradhi yaliyomtesa pia mjomba wake Leopold, mtoto wa Malkia Victoria.

Miaka 5 baadaye ikaja dondakoo. Mwanzoni mwa Novemba 1878 binti mkubwa wa nyumba, Victoria, mwenye miaka 15, alilalamika kwamba shingo inamkakamaa. Kesho yake madaktari wakautambua ugonjwa, na ndani ya siku chache karibu nyumba nzima ikawa kitandani. Tarehe 16 mdogo wao wa mwisho, Marie, mwenye miaka 4, akafariki. Mama aliwauguza wote huku akiwaficha msiba kwa wiki kadhaa. Alipomwambia mwanawe Ernst hatimaye, mtoto alilia kwa uchungu hata mama akasahau maonyo ya madaktari, akamkumbatia na kumbusu. Naye akaugua, akafa tarehe 14 Desemba, akiwa na miaka 35, siku na mwezi uleule aliokufa baba yake Albert miaka 17 kabla.

Msiba huo una hesabu yake katika nasaba. Marehemu alizaa mabinti watano. Marie akafa mtoto. Elisabeth, aliyeitwa Ella, hakupata watoto. Irene alizaa wa kiume watupu. Alix aliolewa Urusi, na habari zake zinakuja. Victoria, yule aliyeugua wa kwanza, ndiye peke yake aliyeiendeleza njia ya kukeni ya mama yake hadi leo. Lau dondakoo ingemchukua siku zile, Alice wetu asingezaliwa.

Juu ya Alice wa Darmstadt yupo Malkia Victoria, na juu ya malkia yupo mama yake, aliyeitwa Victoria vilevile, wa Saxe-Coburg-Saalfeld, aliyezaliwa mwaka 1786. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili alipoolewa na Edward, mwana wa Mfalme George wa Tatu, mwaka 1818. Mwaka uliofuata, akiwa mjamzito, alisafiri kwa gari la farasi kutoka Amorbach, Ujerumani, hadi London, ili mtoto azaliwe katika ardhi ya Uingereza. Katika msafara huo alikuwamo Charlotte von Siebold, daktari wa uzazi aliyepata shahada yake Giessen mwaka 1817, jambo lililokuwa nadra mno kwa mwanamke. Siebold alimzalisha Victoria tarehe 24 Mei 1819. Kisha akarudi Ujerumani, na tarehe 26 Agosti, karibu na Coburg, akamzalisha mtoto wa kiume aliyeitwa Albert, aliyekuja kuwa mume wa Victoria.

Victoria na Albert walikuwa wajukuu wa mwanamke mmoja, Augusta wa Reuss-Ebersdorf, aliyezaliwa mwaka 1757. Kwa hiyo Augusta anatokea mara mbili katika mti wa Alice, na si yeye peke yake. Baba na mama wa Alice walikuwa jamaa: Alexander aliyemuoa Julia Hauke alikuwa mdogo wa babu yake Victoria wa Hesse. Makasri ya Ujerumani yalikuwa mengi, lakini waliooana humo walikuwa walewale.

Kutoka kwa Augusta njia inaingia katika vidola vidogo vidogo, ambavyo vingine ukubwa wake haukufikia wilaya moja ya kwetu. Mama yake Augusta ni Karoline Ernestine wa Erbach-Schönberg, aliyezaliwa na Ferdinande Henriette wa Stolberg-Gedern, aliyezaliwa na Christine wa Mecklenburg-Güstrow. Hapo kwa Christine pana jambo la kuangalia. Baba yake, Gustav Adolph, alifariki mwaka 1695 bila kuacha mtoto wa kiume aliye hai, na vitabu vinasema nyumba ya Mecklenburg-Güstrow ilikoma mwaka huo. Lakini Christine alikuwa hai, ameolewa na anazaa. Kukeni hakukukoma kitu.

Mama yake Christine ni Magdalene Sibylle wa Holstein-Gottorp, binti wa Marie Elisabeth wa Saxony, binti wa Magdalene Sibylle mwingine, wa Prussia. Mama wa huyu ni Marie Eleonore wa Cleves, aliyezaliwa mwaka 1550 na kuolewa na mtawala wa Prussia aliyekuwa na maradhi ya akili. Ndugu zake wa kiume walipokwisha bila warithi, haki ya Cleves ilipita kwa binti yake mkubwa hadi kwa watawala wa Brandenburg. Hiyo ni sehemu ya msingi wa dola iliyokuja kuitwa Prussia na kuiunganisha Ujerumani.

Marie Eleonore alizaliwa na Maria wa Austria, na Maria alizaliwa na Anna wa Bohemia na Hungary. Kwa Anna ni lazima tutue. Alizaliwa tarehe 23 Julai 1503. Tarehe 22 Julai 1515, siku moja kabla ya kutimiza miaka 12, alisimamishwa katika kanisa la Mtakatifu Stefano, Vienna, kufungishwa ndoa na Kaisari Maximilian, mzee wa miaka 56. Kaisari hakuwa anajiolea. Alisimama kwa niaba ya mmoja wa wajukuu wake wawili, Charles au Ferdinand, na ni yupi kati yao ilikuwa bado haijaamuliwa. Miaka 6 baadaye Ferdinand ndiye aliyemuoa. Mwaka 1526 Louis, ndugu yake Anna na mfalme wa Hungary na Bohemia, alikufa katika vita vya Mohács dhidi ya Waturuki, na mataji yake mawili yakaenda kwa shemeji yake Ferdinand. Mataji hayo ukoo wa Habsburg uliyashika hadi 1918. Anna alizaa watoto 15, akafa Prague mwaka 1547 baada ya uzazi wa mwisho.

Mama yake, Anne wa Foix, alikufa hivyohivyo mwaka 1506, wiki chache baada ya kumzaa huyo Louis. Anne alitoka kusini mwa Ufaransa. Mama yake alikuwa Catherine wa Foix, na mama wa Catherine ni Eleanor wa Navarre, ufalme mdogo milimani baina ya Ufaransa na Hispania. Eleanor alizaliwa mwaka 1426, akaingoja zamu yake maisha yote, akawa malkia mwishoni mwa Januari 1479 na kufa katikati ya Februari. Njia inaendelea kupanda, lakini nitakomea hapa. Kutoka kwa Alice hadi kwa Eleanor tumehesabu wanawake 18 katika muda wa miaka 459, wa koo zaidi ya kumi, wa Kilutheri na wa Kikatoliki. Hakuna kitabu cha zamani kilichowaona kuwa ni ukoo mmoja.

Wenzetu Waluguru wa Morogoro wasingepata tabu kuwaona hivyo. Kwao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo.

Turudi sasa kwa Alice wa Battenberg, aliyezaliwa kiziwi. Alijifunza kusoma midomo, akaongea lugha kadhaa, akaolewa Darmstadt mwaka 1903 na Andrew wa Ugiriki. Alizaa mabinti wanne, kisha Philip, katika kisiwa cha Corfu mwaka 1921. Mwaka 1922 familia ilifukuzwa Ugiriki na kuondoka kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1930 madaktari walisema ana skizofrenia, akapelekwa katika hospitali ya Kreuzlingen, Uswisi, na nyumba yake ikasambaratika. Mwaka 1937 binti yake Cecilie alikufa katika ajali ya ndege huko Ostend, pamoja na mumewe na watoto wao wawili wa kiume.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta Athens. Wakwe zake walikuwa upande wa Ujerumani, mwanawe alikuwa katika manowari za Uingereza. Katika miaka ya 1943 na 1944 aliwaficha ndani ya nyumba yake Wayahudi wa familia ya Cohen, Rachel, mjane, na watoto wake. Maofisa wa Gestapo walipomjia na maswali, alijifanya hawaelewi kwa sababu ya uziwi wake, hadi wakachoka na kuondoka. Familia ile ilinusurika. Mwaka 1993 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua miongoni mwa watu wa mataifa waliowaokoa Wayahudi.

Alifariki tarehe 5 Desemba 1969 katika kasri la Buckingham. Alikuwa ameomba azikwe Yerusalemu, na mwaka 1988 mabaki yake yalihamishiwa kanisa la Maria Magdalena katika Mlima wa Mizeituni. Alilichagua kanisa hilo kwa ajili ya mama yake mdogo Ella, aliyezikwa huko tangu 1921. Ella, mjane aliyekuwa mtawa nchini Urusi, alitupwa na Wabolsheviki katika shimo la mgodi karibu na Alapayevsk usiku mmoja wa Julai 1918. Siku moja kabla, huko Yekaterinburg, mdogo wake Alix aliuawa kwa risasi pamoja na mumewe Tsar Nicholas wa Pili, mabinti wao wanne, mwana wao Alexei, daktari wao na watumishi watatu.

Miili ya Yekaterinburg ilipotea miaka mingi. Mwaka 1979 wapekuzi wawili, Alexander Avdonin na Geli Ryabov, walilipata kaburi lakini wakakaa kimya kwa kuiogopa serikali. Lilifukuliwa rasmi mwaka 1991, ikatoka mifupa ya watu 9 badala ya 11. Mrusi Pavel Ivanov akaipeleka sampuli Uingereza, kwa Peter Gill na wenzake wa maabara ya Aldermaston.

Hapo ndipo nasaba ya kukeni ilipopata kazi. Ndani ya seli zetu, nje ya kiini, mna vijiumbo viitwavyo mitokondria, vyenye vinasaba vyake vyenyewe. Mtoto huvipata katika yai la mama, wa kike na wa kiume sawasawa, lakini ni wa kike tu wanaovirithisha. Alix alivipata kwa mama yake Alice wa Darmstadt. Philip alivipata kwa Alice wa Battenberg, aliyevipata kwa Victoria wa Hesse, aliyevipata kwa huyohuyo Alice wa Darmstadt. Philip akatoa damu. Vinasaba vyake vikalingana na vya mifupa ya mwanamke mtu mzima na ya wasichana watatu, na mwaka 1993 wanasayansi wakatangaza kwamba wana uhakika wa asilimia 98.5. Mwaka 2007 kaburi la pili lilipatikana jirani, likiwa na mabaki ya Alexei na dada yake mmoja. Uchunguzi wa mifupa hiyo uliochapishwa mwaka 2009 ulithibitisha hata aina ya hemofilia iliyomsumbua Alexei, ile iliyomuua mjomba wake Friedrich kule Darmstadt.

Damu hiyohiyo ya Philip ilimaliza na ubishi mwingine. Mwanamke aliyeokolewa kutoka mfereji mjini Berlin mwaka 1920 alikuja kudai kwa miaka mingi kwamba yeye ni Anastasia, binti wa Tsar. Alijulikana kwa jina la Anna Anderson, akazunguka mahakamani kwa miongo, akafa Marekani mwaka 1984 na kuchomwa. Lakini kipande cha mwili wake kilikuwa kimehifadhiwa hospitalini tangu upasuaji wa 1979. Mwaka 1994 kilipimwa, kikaonekana hakina uhusiano na mama wa Anastasia. Kililingana na jamaa wa Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani aliyezaliwa mahali ambapo sasa ni Poland.

Philip alikuwa mwisho wa tawi lake. Mfalme Charles hana vinasaba hivyo, kwa kuwa vyake vimetoka kwa Elizabeth. Njia ya Eleanor inaendelea kwa wengine, mabinti wa mabinti wa Alice.

Mataji yaliyopiganiwa kuumeni, ya Urusi, ya Austria, ya Prussia, ya Ugiriki, yote yamekwisha. Kilichobaki kikiwa kizima na kikatoa ushahidi ni kile kilichopita kwa wanawake ambao vitabu viliwaandika kwa kifupi. Msomaji, wengi wetu tunaweza kumtaja baba, babu na babu wa babu. Mtaje mama yake bibi yako mzaa mama, kwa jina lake na kijiji chake. Ukikwama, muulize leo mkubwa wa upande huo aliye hai, na uandike mahali ambapo wanao watapaona.